Nyota tatu: walikagua vitanda, sufuria hawakuuliza

Mie naandika hii mara moja nimalize, mana tangu nirudi Wete, kwetu Pemba, haupiti mwezi sijapata voisi ya mtu alioko Uingereza, mara binamu, mara shoga yake dada, "eti si mlikaa na wakimbizi nyie, vipi, tuchukue au tusichukue?" Na kila mmoja namjibu dakika saba nane na bando lenyewe la kuungaunga. Basi majibu yangu ndo haya. Ninachokipima ni ule mpango wa serikali ya Uingereza unaoitwa Homes for Ukraine, dada yangu na shemegi waliingia 2022, mie nikiwa nakaa kwao nasoma. Mpango nyota tatu kati ya tano. Wageni wenyewe tano, na ingekuwepo ya sita wangepata.

Kwa asiojua, mpango ulianza Machi 2022, wiki chache tu baada ya Urusi kuivamia Ukraine tarehe 24 Februari. Mwenye nyumba unatoa chumba kwa miezi sita kushuka chini hairuhusiwi, kodi hutozi hata senti, na serikali inakupa pauni 350 kwa mwezi za kukushukuru. Hizo ni kwa nyumba si kwa kichwa, ukimchukua mmoja ni 350, ukiwachukua watano ni 350 hizo hizo. Baadae wakaweka kwamba mgeni akitimiza mwaka inapanda inakuwa 500 (wakaja kuirudisha 350 mwaka 2025). Mgeni anapata viza, wakati ule ya miaka mitatu, anaruhusiwa kufanya kazi, watoto wanaingia skuli, na akifika tu halmashauri inampa pauni 200 za kuanzia. Ukiusoma kwenye karatasi mpango hauna kasoro.

Sasa kwetu sie kama mjuavyo hakuna mtu anaamua jambo peke yake. Dada alituma ujumbe mmoja tu kwenye grupu la familia, "tunafikiria kuchukua wakimbizi wa Ukraine", lahaula, siku tatu grupu halikulala. Ami akauliza na nguruwe itakuwaje humo jikoni. Khalati yeye hakuwa na shida na nguruwe, shida yake ni shemegi, mana shemegi anafanya kazi usiku ghalani, mchana yuko nyumbani amelala, dada kaenda kazini, mie nipo chuo, sasa abaki na mwanamke wa watu ndani ya nyumba peke yao inakuwaje? Na mtu asicheke, hilo swali la khalati ndo lilikuwa la maana kuliko yote, mana baadae nikaja kusoma kwamba hata UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, iliwaambia Waingereza wasiwapeleke wanawake walio peke yao kwa wanaume wanaokaa peke yao. Khalati wa Konde hajasoma ripoti yoyote lakini kalijua.

Binamu mmoja wa Unguja akaleta la kwake, kwanini Waukraine, kwani Wasudani na Wayemeni hawana vita? Hapo sikuwa na jibu na mpaka leo sina. Vita vya Sudan vilipoanza Aprili 2023 mie nilidhani basi na wao watafunguliwa mlango kama ule, hawakufunguliwa. Hiyo nyota moja niliitoa hapo hapo. Kuna shirika linaitwa Refugees at Home, lipo tangu 2015, lenyewe halichagui nchi, linamtafutia mtu aliekwisha kufika Uingereza chumba hata cha siku chache, lakini hakuna malipo kwa mwenye nyumba. Kwa mtu anaetaka kujaribu bila kujifunga miezi sita mie naona hiyo ni bora zaidi, ila hatukuitumia kwahiyo siipi nyota.

Grupu lilipochoka mama akatuma voisi. Mama si mtu wa voisi ndefu, hii ilikuwa dakika nne.

Ntaeleza kidogo. Januari 2001, baada ya yale ya tarehe 27, polisi walipowapiga risasi waandamanaji, watu zaidi ya elfu mbili walitoka Pemba wakavuka kwenda Shimoni upande wa Kenya, na mama alikuwemo, na mie nilikuwemo, nna miaka minne, sikumbuki kitu zaidi ya kutapika mashuani. Tukarudi mwaka ule ule mambo yalipotulia, Oktoba vyama vya CCM na CUF wakasaini mwafaka. Katika miezi ile kuna nyumba ilituchukua. Mama hajawahi kulisimulia hili kwa urefu, ila siku ile alisema hivi: siku ya kwanza alikula kwa yule mama mwenye nyumba, wali na samaki, chakula kizuri, lakini alikula anatazama chini. Siku ya pili vile vile. Siku ya tatu yule mama akaja bandani na sufuria na kuni kidogo, akamwambia hii yako mwanangu, pika utakacho na saa utakayo. "Usiku ule ndo nililala," mama anasema. Kisha akamwambia dada, "ukiwa huwezi kumpa mtu sufuria yake na jiko lako, usimchukue. Chumba kila mtu anacho."

Dada akajaza fomu usiku ule ule.

Huduma yenyewe sasa. Mwanzo kabisa serikali haikupi mgeni, unamtafuta wewe mwenyewe, unakwenda kuomba viza ukiwa na jina la mtu. Watu walikuwa wanatafutana Facebook kama wanauza sofa wallahi, mtu anaweka picha ya familia yake na paka, "sisi ni watu safi, hatuvuti sigara". Mie ilinikera sana hiyo, mtu katoka kwenye mabomu anajinadi. Dada akawapata wa kwake kupitia mfanyakazi mwenzake: mama mmoja wa Kharkiv, mwanawe wa kiume wa miaka 12, na bibi, mama yake huyo mama. Bibi ndo aliokata shauri, mana palipo na bibi mchana kutwa swali la khalati limejijibu.

Halmashauri ikaja kukagua. Hapo siwezi kuwasema, walifanya kazi. Dada na shemegi wakachunguzwa rekodi za polisi, hata mie kwa sababu ni mtu mzima na naishi humo. Wakaangalia kengele za moshi kila ghorofa, gesi, ngazi, vitanda vingapi, mtoto atalala wapi. Kwahiyo boksi rumu langu, kile kijichumba kidogo, likaenda kwa kijana na mie nikahamia kwa wapwa zangu wawili, kitanda cha juu, miezi kumi na moja, na mtihani wa mwisho nimeusomea mule ndani huku nasomewa kisa cha nguruwe wadogo watatu. Wanaofikiria kuchukua watu wamuulize kwanza yule atakaehamishwa chumba, sio wenye nyumba tu.

Na kama umepanga lazima mwenye nyumba wako akubali, na bima ya nyumba uiarifu. Binamu zangu nyote mliopanga mnisome hapo mara mbili.

Lakini katika ukaguzi wote huo hakuna hata mmoja aliesema jiko mtalitumia vipi, nani anapika saa ngapi, friji mtaligawa vipi. Na huko ndo kwenye mambo yote. Wiki ya kwanza dada anapika kwa ajili ya wote, Mpemba huyo, mgeni haingii jikoni, biriani, chapati, mchuzi wa papa, na wageni wanakula, wanashukuru kwa ile simu ya kutafsiri, na mie nikimtazama bibi naona anatazama chini. Nikamwambia dada, mama alisema nini? Jumamosi tukenda dukani, tukamnunulia sufuria kubwa ya chuma yenye masikio mawili, shelfu mbili za friji tukaziandika, na saa tisa mpaka saa kumi na moja jikoni ni kwao. La nguruwe dada aliliomba wazi, ndani ya nyumba haiingii, akaomba yeye mwenyewe kwa mdomo wake sio kwa karatasi ukutani, na bibi akajibu kupitia simu kwamba hata yeye daktari keshamkataza mafuta. Borshi, supu yao ya bitiruti, akaipika kwa nyama ya ng'ombe. Nyekundu kama mbatata za kupaka rangi, ukiiona unaogopa, ukiionja na mkate unasahau.

Na ami yangu yule wa nguruwe! Ami alisoma Kyiv, mji mkuu wa Ukraine, enzi za Sovieti, yeye mpaka leo anasema Kiev kama Warusi, na Kirusi chake alikuwa hajakitumia tangu sisi hatujazaliwa. Siku moja video kol, ami yuko barazani Wete na kofia yake, bibi yuko jikoni Uingereza, wanaongea. Hatukufahamu hata neno. Bibi alicheka mpaka akavua miwani akafuta macho, kisha akakaa kimya kidogo, kisha akacheka tena. Baada ya hapo ami ndo akawa msemaji wa wageni, kila baya likisemwa kwenye grupu yeye anajibu.

Yaliyonikera. Pauni 350 za kwanza zilichelewa zaidi ya miezi miwili na kila ukipiga simu unaanza kumsimulia mtu mpya tangu mwanzo. Nafasi ya skuli ya kijana ilichukua wiki sita, mtoto anashinda anatazama simu anaangalia habari za mtaa wao, hakuna kitu kibaya kama hicho. Na bili, mama yangu, 2022 umeme na gesi Uingereza vilipanda vibaya mno, mie nilidhani watu wa Kharkiv wamezoea baridi kumbe kwao magorofa yanapashwa joto kutoka mtambo mmoja wa mji, ndani wanakaa na fulana, sasa changanya wao na sie Wapemba tunaogopa baridi kama mauti, hita haizimwi. Desemba ile 350 yote ilikwenda kwenye gesi na haikutosha. Anaedhani atapata faida asahau.

Kubwa kuliko yote ni kwamba hakuna aliewaambia kitu kuhusu mwisho. Miezi sita ilipofika sio wao waliojua waseme nini sio dada. Wao wanaogopa kuuliza "tunaondoka?" na dada anaona haya kuuliza "mnaondoka lini?" kwa sababu ataonekana anafukuza, basi wiki tatu nzima watu wanapishana kwenye ngazi wanatabasamu. Mwisho shemegi, mtu asiesema kitu, akaandika kwenye simu yake ya tafsiri: mpaka mpate nyumba, lakini tutafute pamoja. Kupanga bila mdhamini na bila historia ya mshahara wa Uingereza ni kazi, wenye nyumba wanakataa tu. Hiyo nyota ya pili ndo imekwenda hapo, mpango una mlango wa kuingilia, wa kutokea kila mtu ajitobolee.

Ramadhani ya 2023 iliwakuta. Bibi hakuwa anakula mbele yetu mchana ingawa tulimwambia ale, na magharibi anakaa mezani na sie anasubiri tende kama amefunga. Wakapata nyumba Aprili, baada ya miezi kumi na moja, mwezi mmoja kabla ya ile 500, shemegi alicheka sana.

Kuna watu hapa Wete wananiuliza, jee sie hatuwezi kufanya hivo? Sie Tanzania wakimbizi wanawekwa makambini, Kigoma huko, kama kambi ya Nyarugusu, huwezi kwenda kumchukua familia ukakaa nao Wete kwa hiari yako. Ingawa Waukraine wenyewe walitufikia bila mpango wowote, vita vilipoanza mamia yao walikuwa likizo Unguja wakakwama, serikali ikazungumza na mahoteli wakalazwa mpaka wakapata ndege. Fukwe za Nungwi, viti vya kulalia, na mtu analia na simu. Mmoja anaefanya kazi hoteli alinisimulia, sitaki kurefusha.

Sasa binamu zangu. Yule wa nyumba ya vyumba viwili na watoto watatu, usichukue, na usione haya, toa nguo toa pesa. Yule alie peke yake mwanamme, usichukue, khalati kashasema. Yule shoga yake dada mwenye chumba na choo chake chini, wewe chukua, lakini kwanza jiulize kama unaweza kuingia jikoni kwako saa kumi ukakuta mtu mwengine anakaanga kitunguu na usimwambie kitu.

Dada anawasalimia. Siku wanahama bibi alibeba ile sufuria yenye masikio mawili kifuani kama mtoto, hakukubali iingie kwenye gari na mizigo. Dada mpaka leo anatafuta nyengine ya saizi ile ya kupikia ubwabwa wa Idi, hapati.