Semina ya kujitambua na kazi za kikundi kwa wanachuo, Tabora: siku mbili, wakufunzi wawili tofauti kabisa

Nianze na hukumu, maelezo yatafuata. Semina hii inalipa ukienda na kikundi chako kizima, na ukiangukia kwa yule mama aliyetufundisha siku ya pili. Nje ya hapo ni pikiniki yenye cheti.

Jina la waendeshaji siliweki. Ni watu wa nje ya mkoa, waliletwa na serikali ya wanafunzi chuoni kwetu hapa Tabora mjini, wakafanyia mafunzo chini ya miembe Jumamosi na Jumapili. Ada ilikuwa shilingi 25,000, ndani yake tisheti, chakula cha mchana, daftari na cheti. Mwenye kazi anaweza kuiona ndogo. Kwa mtu anayesubiri bumu, yaani hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo, hiyo ni hela ya kula siku nyingi, kwa hiyo nilikwenda nikiwa na jicho la mnunuzi.

Kilichonivuta ni kero ambayo kila aliyepita chuo anaijua. Mhadhiri anawagawa wanane wanane kwa kufuata orodha ya mahudhurio na kuwapa kazi ya kikundi. Mmoja anakesha akiandika. Wawili wanachanga hela ya kuprinti. Mmoja kila baada ya siku mbili anauliza kwenye WhatsApp, "Jamani, tumefikia wapi?" na huo ndio mchango wake wote. Waliobaki ni majina kwenye jalada, tena hao ndio wakali wa kuhakikisha namba zao za usajili zimeandikwa sawasawa. Alama mnapata sawa. Tangazo la semina liliahidi "kujitambua, kushirikiana na kufanikiwa pamoja". Hilo la kushirikiana ndilo lililofungua pochi yangu.

Siku ya kwanza ilitangazwa kuanza saa 2 asubuhi, ikaanza saa 4. Mkufunzi alikuwa kaka mmoja mchangamfu, sauti anayo, maikrofoni haimtoki mkononi. Alitusimulia jinsi Bill Gates alivyoacha masomo Harvard mwaka 1975 akatajirika. Nilitazama wenzangu wenye mkopo wa Bodi nikajiuliza tumeambiwa tufanye nini hasa na habari hiyo. Kisha wakaja bata wa porini wa nchi za baridi, wanaoruka kwa umbo la V wakipokezana kukaa mbele. Bata hao wanatajwa kwenye semina nyingi mno, na sina ugomvi nao, ila mtu akifundisha ushirikiano Tabora, ndani ya Unyamwezi, mji uliokuwa njia panda ya misafara ya kwenda Ujiji na Bagamoyo, kwa watu ambao mababu zao walisifika kwa kubeba mizigo kwa makundi makubwa, wakiwa na kirangozi mbele na wanyampara wa kuwasimamia, hana sababu ya kwenda kuazima mifano kwa bata.

Halafu zikagawiwa fomu za tabia nne: sangwini, koleriki, melankoli na flegmatiki. Unaweka vema, unajumlisha, unaambiwa wewe ni nani. Hapa ndipo nilipoanza kuona hela yangu inayeyuka. Mgawanyo huo unatokana na udaktari wa kale wa Wagiriki, walioamini kwamba afya na hulka ya mtu vinatawaliwa na damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Tabibu Galeno aliuendeleza karne ya 2, na tiba ya leo ilishauacha siku nyingi. Kama mchezo wa kuchangamsha watu, sawa. Lakini kabla hata chai haijaisha, jamaa mmoja ambaye hajawahi kuleta aya moja kwenye kikundi alishapata utetezi: "Mimi flegmatiki bwana, mambo ya haraka haraka siyawezi, nivumilieni tu." Tulilipa ili apewe cheti cha uvivu.

Mchana ukafanyika mchezo wa mnara wa tambi, na huu ungeweza kuiokoa siku. Kila kikundi kinapewa vijiti 20 vya tambi kavu, uzi, gundi ya karatasi na kitu kidogo cha kuweka kileleni. Dakika 18, mnara mrefu kuliko yote unashinda. Kwa wenzetu kileleni huwekwa peremende laini nyeupe, sisi tuliwekewa kipande cha andazi. Kikundi changu kilifanya kiwanachuo: tukachagua mwenyekiti, tukachagua katibu, tukachora ramani, tukabishana kuhusu ramani. Mnara ulisimama vizuri mpaka mwenyekiti alipoweka andazi sekunde za mwisho, tambi zikapinda, zikavunjika moja moja huku tunaangalia. Jirani zetu, vijana wa ngazi ya cheti, hawakuchagua mtu. Walichomeka andazi tangu mwanzo, likaanguka, wakapunguza urefu, wakachomeka tena. Mnara wao ulikuwa mfupi lakini ulisimama.

Tom Wujec, aliyeuzungusha mchezo huu kwa watu wa kila aina, ameeleza jambo hilohilo: watoto wa chekechea huwashinda wahitimu wapya wa shule za biashara, kwa sababu wanajaribu mapema badala ya kupanga hadi muda uishe. Somo lilikuwa mezani, bado lina makombo ya andazi. Mkufunzi wetu akapiga makofi, akasema "timu bora hoyee", akatutuma kwenye chakula. Hakuuliza swali hata moja.

Na hiki ndicho ningependa mtu anayefikiria kulipia semina za aina hii akielewe. Mchezo wenyewe ni bure, hata nyumbani mnaweza kuucheza. Unachokilipia ni nusu saa inayofuata, pale mtu mwenye uzoefu anapowakalisha na kuwauliza kwa nini mlifanya mlichofanya. Mkufunzi anayeiruka nusu saa hiyo amekuuzia tambi.

Jumapili akaja mama mmoja, mpole, hana maikrofoni. Amekuja na kamba na mizani ya kuning'iniza, ile ya uso wa saa wanayotumia wanunuzi wa mazao. Akafunga mizani kwenye shina la mwembe, kamba kwenye ndoano yake, akaita watu watatu, nikiwemo.

"Wewe kijana, vuta peke yako kwanza. Vuta hasa, usinionee huruma."

Wa kwanza akafikisha kilo 42. Wa pili 38. Mimi 35, na viganja vikawaka moto. Akaandika chini kwa kijiti: 115. Kisha tukavuta wote watatu, miguu imechimba vumbi, wenzetu wanashangilia. Mshale ulichezacheza kwenye 90 na kitu, ukakataa kupanda.

"Haya, kilo zilizobaki zimekwenda wapi?"

Kukawa kimya, kisha mmoja akajibu kwamba hatukuvuta kwa pigo moja, kila mtu na wakati wake. Akaikubali. Akasubiri. Yule wa kilo 42 akacheka, akasema, "Madamu, ukweli ni kwamba nilijua hawa wapo." Watu wakaangua kicheko, lakini mama hakumwacha hivihivi, alimrudishia sentensi yake: ulijua wapo, kwa hiyo? Mazungumzo yaliyofuata yalikuwa marefu kuliko mchezo.

Akatueleza kwamba aliyepima jambo hili mapema ni Max Ringelmann, mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1913: watu wanane wakivuta kamba pamoja, kila mmoja alitoa takriban nusu tu ya nguvu anazotoa akiwa peke yake. Swali likawa kama tatizo ni kutokwenda pamoja au ni kutegeana. Mwaka 1974 watafiti wa Marekani wakamfunga mtu kitambaa machoni, wakamwaminisha kwamba kuna wenzake nyuma yake wanavuta, kumbe yuko peke yake. Bado alilegeza. Miaka michache baadaye Bibb Latané na wenzake wakarudia kwa kupiga makofi na kelele, wakapata uzembe uleule. Na watu walipoaminishwa kwamba kelele ya kila mmoja inapimika, uzembe ukapotea.

Hilo la mwisho ndilo lililotufaa. Mama yule hakutuhubiria kupendana. Alituuliza kama tuna kazi ya kikundi inayotudai sasa hivi. Tulikuwa nayo, na bahati nzuri tulikuwa tumekwenda karibu kikundi kizima. Akatupa karatasi ya manila tuichore: kipande cha kazi, jina la mtu mmoja tu, tarehe, na mtu wa pili wa kukisoma kabla hakijaunganishwa. Akakataa katakata "wote" kuandikwa kwenye nafasi ya jina. Kuna aliyejitolea "kusaidia popote". Akaulizwa popote ni ukurasa wa ngapi.

Zoezi la kujitambua nalo alilifanya kwa njia yenye akili. Alitumia dirisha la Johari, lililobuniwa na Joseph Luft na Harrington Ingham mwaka 1955: unachagua maneno yanayokueleza, wenzako nao wanachagua ya kwako bila kuona uliyochagua, kisha mnalinganisha. Kuna unayojua wewe na wao, kuna wanayoyaona wao tu, kuna unayoyaficha, na kuna yasiyojulikana na yeyote. Tofauti na fomu ya jana, hapa hupewi kabila la tabia; unapewa macho ya watu mnaofanya nao kazi. Dada mmoja kutoka Urambo, kimya sana, alikuta karatasi zote zina neno "makini". Alizigeuzageuza kana kwamba ni za mtu mwingine. Ndiye aliyepewa hesabu na majedwali ya kazi yetu, na hayo majedwali ungeyaona. Mimi niliandikiwa "anaeleweka", neno ambalo sikuwa nimejichagulia, nikapewa kuwasilisha mbele ya darasa.

Alipofika kwenye ugomvi ndani ya kikundi, alitaja hatua za mwanasaikolojia Bruce Tuckman za mwaka 1965, kwamba kikundi kikishaundwa hupitia msuguano kabla ya kuelewana na kufanya kazi, halafu akaleta mfano ambao hakuutoa mbali. Januari 1958, mkutano mkuu wa TANU ulifanyika hapahapa Tabora, hoja ikiwa kura tatu: kila mpigakura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Wajumbe wengi walitaka uchaguzi ususiwe. Nyerere akawashawishi waingie, wakaingia, na TANU ikashinda. Tunauita Uamuzi wa Busara. Lakini mama hakuishia kwenye sifa. Alikumbusha kwamba Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka na kuanzisha chama chake, African National Congress. Akatuuliza: kikundi chenu kina nafasi ya mtu wa kupinga, au anayepinga anatolewa kwenye WhatsApp? Tulitazamana.

Mengine nayapitia haraka. Chakula kilikuwa wali maharage, si haba, na siku ya pili kukawa na matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) na karanga wakati wa mapumziko, wazo zuri la yeyote aliyelitoa. Tisheti ilichuja rangi ikanipakia taulo. Kwenye cheti jina langu la mwisho lina herufi ya ziada, na niliyemwandikia kuomba kirekebishwe hajajibu.

Je, kikundi kilibadilika? Kwa kiasi. Ile karatasi ya manila ilibandikwa bweni, na sita kati yetu walileta vipande vyao, wengine kabla ya tarehe, jambo ambalo kwa kweli sikulitegemea. Flegmatiki wetu alileta ukurasa na nusu, umejaa kudesa, yaani kunakili kazi za wengine, msomaji wake akamrudishia, akaandika upya. Mmoja alipotea kabisa kama kawaida yake. Safari hii hatukubishana kama jina lake liwekwe. Tuliambatanisha jedwali la nani alifanya nini, mhadhiri akaamua mwenyewe.

Kwa hiyo nikipewa kugawa alama, siku ya kwanza naipa 3 kati ya 10, na hizo ni za mnara wa tambi. Ya pili naipa 9. Moja nimeitoa kwa sababu muda ulikuwa mfupi, na vikundi vya nyuma havikupata zamu ya kupitiwa kazi zao.

Nasikia watarudi kabla ya fildi, yaani mafunzo kwa vitendo. Kabla ya kulipa, ulizeni nani anafundisha, na kama kila zoezi lina muda wa mazungumzo baada yake. Ombeni Jumapili pekee kwa nusu ya bei, huenda wakakubali. Nendeni na kazi yenu halisi mkononi, na mbebe maji ya kunywa, maana yaliyogawiwa yaliisha kabla ya saa sita.