Tiketi ya saa nne

Nimeona ule ukumbi wa kuangalizia mpira wa Temeke wamebandika tangazo tena: fainali ya Klabu Bingwa Ulaya, skrini kubwa, viti vya mbele vya kulipia, njoo na familia. Basi na mimi niseme yangu, maana nimeyabeba muda mrefu, na kila nikipita ile barabara ya Temeke nageuza uso upande wa pili.

Nianze na haki yao. Skrini ni nzuri sana. Sauti haikoromi kama kwenye vibanda umiza vyetu, na feni zinafanya kazi. Kwa skrini peke yake ningetoa nyota nne.

Ilikuwa ile fainali ya 2022, Liverpool na Real Madrid, iliyoondolewa Saint Petersburg ikapelekwa Paris baada ya Urusi kuivamia Ukraine. Baba yangu ni Liverpool damu. Ana mtoto wa jicho, kwa hiyo nyumbani anakaa kwenye kigoda, pua inakaribia kugusa televisheni. Nikasema safari hii nimpe raha. Nikalipia viti viwili safu ya pili, elfu kumi na tano kila kimoja, tiketi zikaandikwa namba kwa kalamu. Saa mbili na nusu tulikuwa tumeshakaa. Naomba hilo likumbukwe.

Mpira ulikuwa uanze saa nne. Ikafika saa nne, hakuna kitu. Ikatangazwa kwamba mashabiki wamechelewa kufika uwanjani. Ukumbini watu wakaanza kunung'unika, lakini baba alikuwa na furaha kuliko mtu yeyote mle ndani, kwa sababu alipata muda wa kusimulia. Mwaka 1981 Liverpool na Real Madrid walikutana fainali, na ilikuwa Paris hiyohiyo. Baba alikuwa kijana wa sekondari. Goli moja tu, Alan Kennedy, dakika ya 82. Miaka mitatu baadaye, fainali na Roma kwao Rome, Kennedy huyohuyo akapiga penalti ya mwisho, na golini kwa Liverpool alisimama Bruce Grobbelaar wa Zimbabwe akilegeza miguu mpaka Waroma wakapiga juu. Baba aliinuka akaonyesha Grobbelaar alivyokuwa anayumba, na vijana wa safu ya nyuma wakampigia makofi. Sijamwona hivyo tangu mama afariki.

Halafu akataka kwenda chooni. Ngazi za pale zina giza, nikamshika mkono. Kwenye viti tukaacha kofia yake nyekundu na mtandio wangu.

Tuliporudi, mbele ya viti vyetu pamewekwa meza imejaa chupa, na wamekaa watu wengine. Mtandio ulikuwa umetupwa kwenye mgongo wa kiti. Kofia ilikuwa sakafuni, imelowa bia, na juu yake alama ya kiatu, mistari ya soli unaihesabu. Baba aliiokota akaikung'uta kwenye goti.

Kijana wa ukumbi, fulana nyeusi, akaja. Baba akamwambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, hicho kiti ni changu," akampa tiketi. Kijana akaimulika kwa tochi ya simu, akaigeuza, akairudisha.

"Mzee, hii tiketi ya saa nne. Sasa hivi saa nne na nusu. Mmechelewa."

Nilidhani sijasikia vizuri. Nikamwambia, "Mdogo wangu, mpira wenyewe haujaanza!" Akasema, "Dada, mimi nafuata tiketi," akaondoka. Shikamoo hakutoa, samahani hakusema. Na kinachoniuma mpaka leo ni kwamba baba hakugombana. Alinivuta mkono akaniambia, "Twende nyuma, mama, mpira unaanza." Hapo nyota zangu nne zimebaki mbili.

Mpira ulianza saa nne na dakika 36. Sisi tumesimama nyuma ya nguzo. Mane wa Liverpool alipopiga, Courtois, kipa wa Madrid, akaugusa kwa vidole ukagonga mwamba, ukumbi mzima ulisimama, na baba aliona migongo tu. Akanibana mkono: "Nini? Nini?" Basi nikawa redio yake. Mane, mwamba. Salah kwa kichwa, Courtois. Goli la Benzema wa Madrid, waamuzi wanaangalia marudio ya video, VAR, wanaangalia, bado wanaangalia, ofsaidi. Sauti ilianza kunikauka kabla ya mapumziko.

Mapumziko ndipo alipotokea mtu mmoja tu wa kumshukuru pale. Kijana wa chipsi, apron imejaa mafuta, alikuwa ametuona muda wote. "Shikamoo mzee." Akaburuta kreti la soda mpaka kando ya jiko, akalitandikia gunia lililokunjwa, akamkalisha. Kutoka pale skrini inaonekana kwa pembe, lakini inaonekana. Akaleta na sahani ya kuku, hela akakataa. Kwa hiyo nikisema huduma yao ni mbovu, nitakuwa namdhulumu huyu.

Dakika ya 59 Valverde alipiga kutoka kulia, Vinicius wa Madrid amebaki peke yake nyuma ya beki wetu Alexander-Arnold, akamalizia. Lile sikulitangaza. Courtois aliokoa mara 9 usiku ule, tukafungwa 1-0, na hilo simlaumu mtu. Mpira ndivyo ulivyo.

Nilimfuata meneja kudai hela yangu. Akanijibu, "Si mmeangalia lakini mpaka mwisho?" Nyota sifuri.

Tulikuja kujua baadaye kilichotokea kule Saint-Denis, pembeni ya Paris, uwanja ulipo. Watu wenye tiketi zao mkononi walikuwa wamebanwa nje ya mageti kwa saa nyingi, wakapigwa mabomu ya machozi na polisi, wamo wazee, wamo watoto, na wakati huohuo dunia nzima inaambiwa wamechelewa. Februari 2023 jopo huru lililoundwa na UEFA wenyewe, shirikisho la mpira la Ulaya, likaandika kwamba UEFA ndiyo inayobeba lawama kubwa. Nilimsomea baba habari ile. Alisikiliza mpaka mwisho akauliza, "Kwa hiyo hawakuchelewa?" Nikamwambia hawakuchelewa, baba. Na sisi hatukuchelewa.

Nilitaka kuandika hapa kwamba msiende, wasipate hata shilingi. Nilishaiandika sentensi hiyo, nimeifuta. Juzi baba ameliona tangazo, akaniuliza kama yule kijana wa chipsi bado yupo. Nimepita kuulizia, yupo. Kwa hiyo huenda tukaenda, lakini tutakaa kwake, jikoni, na kigoda tutabeba cha nyumbani. Viti vya mbele msinunue. Na meneja, kama unasoma, elfu thelathini yangu naidai, na ile kofia mpaka leo haijatoka doa.