Charlie Kafika Kigoma, DJ Kamzika: Uzoefu Wangu na Kibanda Kimoja cha Mwanga

Shilingi 500 si hela ya kugombania mtu, najua. Lakini kwa 500 hiyo nimeoneshwa filamu ya vichekesho vya jeshi ambayo imechekesha watu kwa miaka zaidi ya 100, na kibanda kikaimaliza ndani ya nusu saa. Sitaji jina la kibanda hiki cha kuoneshea video. Anayekaa Mwanga atakijua kwa sabufa, maana inasikika kabla hujaiona bati lake.

Filamu ni Shoulder Arms ya Charlie Chaplin, na jina lenyewe ni amri ya gwaride, ya kuweka bunduki begani. Charlie ni kuruta ambaye mguu mmoja unatazama mashariki na mwingine magharibi, kila afande akisema geuka anajifunga mwenyewe kama kamba. Kisha anapelekwa kwenye mahandaki ya Ufaransa, Vita vya Kwanza vya Dunia. Yote hayo kimya. Nalirudia hili kwa sababu ndiyo kesi yenyewe: filamu ni bubu, na kila unachotakiwa kuelewa kimewekwa usoni na mwilini. Muha ataielewa, Mmanyema ataielewa, na mgeni aliyeshuka jana kwenye boti kutoka Kalemie ataielewa. Hakuna anayehitaji kutafsiriwa.

Kibanda kikaona bubu ni mgonjwa, kikamtafutia DJ wa kumsemea.

Sasa nisikilizeni pale palipoharibika, maana mengine yote ningeyameza. Kuna kipande cha barua. Barua na vifurushi vimegawiwa handakini, Charlie hajapata hata kikaratasi. Anajikaza, anaenda zamu. Anamkuta askari mwenzake anasoma barua ya nyumbani, anasogea nyuma yake taratibu mpaka kidevu kiko juu ya bega la mwenye barua. Jamaa akitabasamu, Charlie anatabasamu. Jamaa akikunja uso, Charlie naye anakunja, kwa kuchelewa kidogo tu, kama mtu anayemalizia mstari. Anasoma habari za watoto wa mtu mwingine na zinamuuma kweli. Mwishowe mwenye barua anashtuka, anamtupia jicho baya, anaondoka na barua yake. Hakuna aliyepigwa wala aliyeanguka. Unacheka na koo linakukaba hapohapo.

DJ akasemaje? "Oyaaa, demu wake wa Mwanza huyo, anaomba vocha!"

Na kijana wa kibanda, aliposhika kipanya, akaruka mbele. Sababu yake: "Hapa hamna vita."

Nikamfuata mezani. Nikamwambia, kaka, rudisha kidogo pale pa barua, na hiyo sauti ya DJ itoe, filamu haina sauti. Hakugeuka hata shingo. "Mzee, ukitaka kimya, makaburi yako kule." Banda zima likacheka. (Lilikuwa jibu zuri. Ndiyo maana limeniuma.)

Nyota moja, basi. Na hiyo moja ni ya feni.

Kosa la pili ni la hesabu, na hesabu haimtukani mtu. Filamu hii ina reli tatu, yaani mizunguko mitatu ya mkanda. Reli moja ni kama futi 1,000, na kila futi ya mkanda wa milimita 35 inabeba picha 16. Zidisha, unapata picha kama 48,000. Kamera za wakati ule zilizungushwa kwa mkono, kwa hiyo mwendo haukuwa mmoja, ila chukua picha 18 kwa sekunde kama kipimo cha kuanzia. Kwa 18, filamu inakwenda dakika 44 na ushei. Kwa picha 24, mwendo ambao mafaili mengi yametengenezewa bila mtu kufikiri, inakwisha kwa dakika 33. Hizo dakika 11 hazikukatwa na mkasi. Zimepotea kwa haraka, na ndizo zilizokuwa na kicheko.

Watu wanadhani wahenga walikuwa wanatembea kama kuku aliyeona kivuli cha mwewe. Hawakutembea hivyo. Tumewakimbiza sisi.

Kwa Chaplin, haraka ni sumu, kwa sababu utani wake unakaa kwenye kuchelewa. Tazama kipande cha jibini. Kifurushi kimefika, ndani kuna jibini ile inayonuka kuliko zote, Limburger. Charlie hairushi papo hapo. Kwanza harufu inamfikia. Halafu anafikiri. Halafu anavaa kinyago cha gesi, kile cha kujikinga na sumu ya adui, ili aishike zawadi aliyotumiwa kutoka kwao. Ndipo anaitupa kama bomu la mkono upande wa Wajerumani, inamtua ofisa usoni. Mnyororo huo una pete nne. Kwa mwendo wa kibandani niliona pete mbili: kuna kitu, kimerushwa. Mtoto aliyekaa mbele yangu akamuuliza mwenzake, "Karusha nini?" Swali la haki kabisa.

Kama huna uhakika na mwendo, usitazame miguu, tazama maji. Handaki linajaa maji mpaka vitanda vinazama, na maji hayajui kuigiza. Yakirukaruka kama bisi kwenye sufuria, uko haraka mno. Yakiwa mazito, yanatikisika kama ndani ya mtumbwi, umefika. Maji yakikaa sawa, na Charlie anakaa sawa.

Tatu, ni upana. Picha ya filamu hii ni ya 4 kwa 3. Runinga ya kibanda ni ya 16 kwa 9, na imeachwa ivute picha ijae kioo. Matokeo yake kila kiumbe ananenepa kwa theluthi moja. Chaplin mwembamba, ambaye nusu ya utani wake ni wembamba ndani ya gwanda kubwa, akawa bonge. Wakati huohuo kuna Mjerumani mnene ambaye unene wake ndio utani, na kuna ofisa wa Kijerumani mfupi kama kisiki ambaye Charlie anamlaza na kumchapa makofi ya matakoni kama mtoto mtundu. Wote wakalingana. Rimoti ilikuwa mezani, kitufe cha ukubwa wa picha kipo, bonyeza mara mbili tatu mpaka kingo mbili nyeusi zitokee pembeni. Kijana aliniambia kingo nyeusi "zinakula kioo". Kioo kimelipiwa chote, kitumike chote. Sikuwa na jibu la haraka, ila ninalo sasa: hata sahani hujazi wali mpaka ukingoni.

Na hasira yangu ina chanzo kingine, kwamba filamu hii Kigoma si ya wageni. Ilitoka Marekani tarehe 20 Oktoba 1918. Siku hiyo vita vile vile vilikuwa bado vinaendelea upande wetu huu wa Afrika, na kule Ulaya vilisimama Novemba 11, lakini Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku kwetu, hakusalimisha jeshi lake mpaka Novemba 25, kule Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia. Wiki mbili nzima baada ya vita kusimama. Chaplin angekuwa na habari hiyo angeitia kwenye reli ya nne.

Na ziwa letu hili la Tanganyika nalo liliigiza. Waingereza walileta boti mbili ndogo kutoka kwao, zikapita nchi kavu kwa treni na kwa kukokotwa na ng'ombe ili zije kupigana na meli za Wajerumani. Kamanda wao alitaka kuziita Paka na Mbwa, wakuu wa jeshi la majini wakakataa, akazipa majina ya kitoto ya Kifaransa ya wanyama haohao: Mimi na Toutou. Hebu soma hilo la kwanza kwa Kiswahili. Nani kaiteka Kingani, meli ya Wajerumani, siku moja baada ya Krismasi ya 1915? Mimi. Kisha Wajerumani, Julai 1916, wakaizamisha wenyewe meli yao kubwa, Graf von Götzen, baada ya kupaka mashine grisi ili siku moja waje kuifufua. Walioifufua ni Waingereza, ikarudi kazini 1927, nasi tunaiita Liemba.

Ndiyo maana pale mwanzoni, Charlie anapofika mbele na mzigo mgongoni uliomzidi, ndani kuna mtego wa panya na kikwaruzio cha jibini cha kujikunia chawa, mtu wa Reli ya Kati, hii ya treni, hawezi kucheka kama anavyocheka mtu wa London. Kwetu mizigo ya vita vile ilibebwa na wapagazi, kwa maelfu, na wengi hawakurudi. Unacheka, lakini unajua mzigo ulivyo. Marafiki wa Chaplin walimwonya asithubutu kufanya mzaha na vita wakati watu bado wanakufa. Akathubutu, na askari walioyaona mahandaki yale kwa macho wakaipenda. Kibanda kingeweza kukaa kimya kwa ajili ya hilo tu.

Haya. Sasa naanza kujisaliti, kwa sababu siwezi kudanganya kwenye uzoefu wangu mwenyewe.

Kitanda kimezama, Charlie amelala chini ya maji, na ili apumue anashika pembe ya gramafoni, mdomo wa pembe juu, yeye chini, kama konokono mwenye bomba. Pale, kwa mwendo ule mbovu, kwa unene ule wa uongo, DJ akipiga kelele za "baba kazama, baba kazama", watoto walianguka kwenye mabenchi. Mmoja alicheka mpaka akapaliwa na karanga. Vivyo hivyo Charlie alipoinua chupa juu ya handaki ili risasi ya adui imfungulie, na alipovaa gamba akawa mti, mti unaotembea na kuwagonga Wajerumani vichwani. Hapo hata haraka haikuua.

Halafu ile sehemu anarudi na mateka 13, afande anamuuliza umewezaje peke yako. Jibu limeandikwa kwenye kibao cha maneno cha Kiingereza, na DJ akalitoa kwa sauti ya chini, kama kuruta mwenye aibu, kwa lafudhi ya Kasulu: "Niliwazingira, afande. Mimi peke yangu." Akanyamaza. DJ yule, aliyeongea bila kumeza mate tangu mwanzo, alinyamaza kama sekunde nne. Alijua. Kumbe anajua! Ndipo nikakasirika upya, maana mtu anayejua kunyamaza hapo alishindwaje kunyamaza kwenye barua?

Nyota mbili na nusu. Tatu, kama wangerudisha barua. Hawakurudisha. Mbili.

Kwa atakayetaka kuiona vizuri nyumbani au kuonesha watu: haki za filamu za 1918 kule Marekani zilishakwisha, kwa hiyo nakala zimezagaa na nyingi ni takataka. Angalia urefu kwanza. Ikiwa na dakika 33 mpaka 36, fungua kwa VLC, programu ya kuchezea video kwenye kompyuta, bonyeza kitufe cha mabano ya mraba ya kufungua mpaka mwendo usome 0.80, kisha shuka kidogo zaidi ikibidi, huku ukitazama maji. Bonyeza A mpaka picha isome 4:3, na M kuzima sauti, kwani muziki ukivutwa unalia kama redio iliyoisha betri. Weka muziki wako pembeni, wowote usio na maneno. Lakini tahadhari: Chaplin mwenyewe aliitoa tena mwaka 1959, akaitungia muziki, na ili iende sawa kwa picha 24, baadhi ya picha zilirudiwa mara mbili. Hiyo inatambulika kwa kutembea kwa kigugumizi, hatua inasita kidogo halafu inaendelea. Usiipunguze mwendo, imeshapunguzwa. Ukiipunguza tena, Charlie anakuwa mgonjwa wa malaria.

Flashi iwe ya FAT32, yaani mfumo wa kupangia mafaili, kwani runinga nyingine haziisomi ya mfumo wa NTFS. Vibao vya maneno ni vichache, mtu mmoja avisome kwa Kiswahili vinapotokea, kisha afunge mdomo. Huyo DJ anaweza kazi hiyo. Nasema tena, anaweza, na hilo ndilo linaloniudhi.

Niliandaa nakala safi, mwendo umeshawekwa, upana umeshawekwa, nikampelekea yule kijana kwenye flashi yangu ya GB 16. Akaipokea kwa mikono miwili, "shikamoo mzee wangu" na kila kitu. Nikapita juzi jioni: wanaonesha ngumi za Kichina, kutoka kwenye flashi yangu.