Pistoni za Subaru yenye turbo: zipi ununue ukiovahoo injini

Injini ya Subaru ya EJ20 au EJ25 ikishafunguliwa, wenye magari wengi hukimbilia bei ya pistoni. Mimi nasema anza na zile zilizotoka. Shika hasa ya silinda namba 4, ambayo kwenye EJ25 ndiyo hufa mara nyingi, utazame ukingo ulio kati ya ringi ya kwanza na ya pili. Ukikuta umemeguka, mshukiwa wa kwanza ni noki: petroli imelipuka vibaya ndani ya silinda na kuupiga ule ukingo kama nyundo. Ukikuta michirizi mirefu kwenye sketi, yaani ubavu wa chini wa pistoni, fuatilia oili na joto.

Noki haitibiwi na pistoni ghali. Kagua injekta, pampu ya petroli, mabomba yanayovuja ya busti (hewa inayosukumwa na turbo) na programu ya kompyuta ya gari. Forester na Impreza nyingi tunazoendesha Nairobi zilitengenezwa kwa soko la Japani, ambako petroli ya daraja la juu ni oktani 96 kwenda juu, na Super ya kawaida huku haifiki hapo. Gari likibaki na mpangilio wa Japani huku linanyweshwa Super, pistoni yoyote utakayoweka iko hatarini. Tenga pesa za kurekebisha programu hiyo kabla hujatenga za pistoni.

Sasa tuzipange.

Namba moja: pistoni za kufuliwa za aloi 4032

Kwa gari la kwenda kazini, kubeba watoto na kupanda Limuru wikendi, hizi ndizo ningenunua bila kusita. Za kufuliwa ni zile zilizogandamizwa kwa nguvu hadi zikapata umbo, si kumiminwa kwenye kalibu. Aloi hii ina silikoni ya asilimia 12 hivi, kwa hiyo haivimbi sana ikipata moto. Faida yake utaisikia asubuhi: fundi anaweza kuacha nafasi ndogo kati ya pistoni na silinda, mara nyingi mm 0.06 hadi 0.07, na injini ikiwashwa baridi haigongigongi. Tena ni ngumu kuliko za kiwandani, ambazo zimesubiwa (kumiminwa kwenye kalibu) kwa aloi yenye silikoni nyingi na humeguka upesi zikipigwa na noki. Mahle wanazo za Subaru za aloi hii. Kampuni nyingine hutengeneza za aloi hii na za 2618 nitakayoitaja chini, hivyo jina kwenye boksi halitoshi. Tafuta namba ya aloi kwenye karatasi iliyo ndani.

Namba mbili: za kiwandani, mpya

Watu wanazidharau bila haki. Kama busti ni ya kawaida, turbo ni ile ile na programu imerekebishwa kufuata petroli yetu, pistoni mpya za Subaru zitakutumikia miaka mingi, kimya, bila kula oili. Subaru huuza pia zilizoongezwa kipenyo kwa mm 0.25 na mm 0.50, kwa ajili ya bloku iliyochakaa. Nimeziweka nyuma ya 4032 kwa sababu moja: hazisamehi. Siku moja ya petroli mbovu na mguu mzito yatosha kurudisha injini mezani.

Namba tatu: za kufuliwa za aloi 2618

Kwa nguvu halisi, hizi ndizo ngumu kuliko zote. Silikoni karibu hakuna, hivyo zikipigwa hupinda kabla ya kupasuka. Ukiweka turbo kubwa na busti ya mashindano, zipandishe ziwe namba moja. Lakini huvimba sana, kwa hiyo huhitaji nafasi ya mm 0.08 hadi 0.10, na injini ikiwa baridi utazisikia zikigonga hadi ipate moto. Mifereji ya ringi nayo huchakaa mapema zaidi. Kwa mtu anayewasha gari mara sita kwa siku kwa safari fupi za mjini, ni kulipia ugumu asiouhitaji.

Za kukwepa

Pistoni zilizotumika zilizong'arishwa, na kopi zisizo na namba ya aloi wala karatasi ya vipimo. Sina la kuongeza hapo.

Kabla hujalipa

Nunua pistoni kwanza, silinda zichongwe baadaye. Wapo wanaochonga bloku hadi mm 0.50 kisha wanatembea Kirinyaga Road, mtaa wa spea Nairobi, kutafuta pistoni ya kuingia. Wanaishia kununua iliyopo. Pistoni nne ziende kwa fundi wa mashine, kila moja ipimwe kwa maikromita, na silinda yake ichongwe kuifuata. Kipenyo cha silinda ya EJ20 kinaanzia mm 92, cha EJ25 mm 99.5. Mwombe asugue silinda kwa honi (jiwe la kumalizia ukuta wa silinda) akiwa amefunga bamba zito juu ya bloku kwa bolti, kwa kukaza kule kule kwa silinda hedi. Bloku hizi za aluminiamu hujivuta bolti zikikazwa, na silinda iliyokuwa duara kamili mezani haibaki duara injini ikifungwa. Fundi akikuambia haina maana, tafuta mwingine.

Pale kaunta, pima pini inayoshika pistoni na ulinganishe na konekting rodi zako. Tazama kina cha bakuli juu ya pistoni, kwa sababu ndicho kinachoamua kompresheni. Kwa petroli yetu, 8.5 kwa 1 au chini kidogo inakaa vizuri. Kama bloku yako ina vipua vinavyorushia oili chini ya pistoni, hakikisha sketi imeachiwa nafasi ya kuvipisha.

Ringi zisifungwe kama zilivyotoka kwenye pakiti. Kila moja iingizwe kwenye silinda yake, mwanya kati ya ncha zake upimwe kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia), na ipigwe tupa kidogo kidogo hadi ifikie kipimo cha mtengenezaji. Kwenye turbo mwanya huo ni mkubwa kuliko wa injini ya kawaida, kwa sababu ringi ikivimba hadi ncha zigusane huvunja ule ule ukingo. Simama hapo fundi anapopima, na uandike namba za silinda zote nne.