Monita iliyokuwa ikiwaka sekunde mbili tu: uzoefu wangu na mfuko wa kapasita

Monita yangu ya inchi 22 ilianza kwa kuchelewa. Asubuhi nabonyeza kitufe, taa ya kijani inawaka, picha haiji. Naenda kuchemsha chai, nikirudi imeshakubali. Wiki chache baadaye chai ikawa haitoshi. Picha inatokea, nasoma nusu ya neno, halafu giza. Sekunde mbili, nilihesabu. Nikizima na kuwasha tena, sekunde mbili nyingine. Mke wangu akasema inanikonyeza.

Fundi niliyempelekea hakuifungua hata. Aliiwasha mara moja, akatikisa kichwa: "Bosi, kioo kimekufa hicho, tafuta nyingine." Ningemwamini kama nisingekuwa nimewahi kusikia habari ya tochi. Nikairudisha nyumbani, nikazima taa za chumbani, nikaiwasha, na ilipoingia giza nikaimulika kwa tochi ya simu kutoka ubavuni, karibu kabisa na kioo. Kila kitu kilikuwa pale pale, hafifu kama maandishi ya penseli yaliyofutwa vibaya. Kumbe kioo kinachora picha kama kawaida, kilichokosekana ni mwanga wa nyuma yake. Kioo cha LCD hakina mwanga wake chenyewe, kinachuja tu ule unaotoka nyuma. Monita za umri wa yangu, kabla LED hazijaenea, hutumia mirija myembamba ya fluoresenti, na mirija hiyo inataka volti mia kadhaa kutoka kwenye bodi ya umeme. Bodi ikichoka inajaribu, inashindwa, inajikinga kwa kuzima. Ndizo zile sekunde mbili.

Jaribio la pili lilikuwa la kihuni. Nilipuliza mashine ya kukaushia nywele kwenye matundu ya nyuma kwa dakika chache, monita ikawaka na kukaa robo saa nzima. Kapasita, vile vikopo vidogo kwenye bodi vinavyohifadhi umeme kwa muda mfupi, zikichoka hupata nafuu zikipashwa moto, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini ile chai ilikuwa inasaidia: ilikuwa inajipasha yenyewe. (Si tiba, na usije ukayeyusha plastiki.)

Basi nikaagiza mfuko wa kapasita uliopangwa kwa ajili ya bodi ya modeli yangu. Ndani yake kulikuwa na kapasita nane, chuma cha kulehemu, koili ndogo ya lehemu na karatasi moja ya maelekezo.

Kufungua kulinisumbua kuliko nilivyotarajia. Monita niliilaza kifudifudi juu ya blanketi, skrubu za mguu zikatoka bila ubishi, lakini fremu ya mbele haina skrubu hata moja. Imeshikwa na vishikizo vya plastiki pande zote, na ukiichokoa kwa bisibisi inabaki na makovu. Nilitumia kadi ya benki iliyokwisha muda wake, nikaipenyeza kwenye ufa nikisogea kidogo kidogo. Kila kishikizo kikiachia kinatoa mlio kama mfupa unaovunjika. Viwili vilivunjika kweli. Fremu ikishaachia usiivute kwa pupa, kwa sababu waya za vitufe ni fupi na bado zimeshikana na bodi.

Hapa sitanii. Kwenye bodi ya umeme kuna kapasita moja nono kuliko zote, imeandikwa volti 400 au 450, na hiyo inaweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Mimi nilichomoa jioni, nikaiacha ilale hadi kesho yake, na bado niliipima kwanza kwa kile kipimo cha mafundi chenye waya mwekundu na mweusi. Ikasoma volti 2. Kama huna kipimo hicho, iache bodi ndani ya boma lake. Karatasi ya maelekezo haikulitaja jambo hili hata kwa neno moja, na hilo siwasamehi.

Kuwatambua wagonjwa hakukuhitaji shule. Kapasita nzima ni bapa kichwani, na kichwa chake kimechorwa mistari ya kukatana ili ikizidiwa ipasukie pale. Tatu za kwangu zilikuwa zimevimba kama kopo la chakula lililochacha. Ya nne ilikuwa imetoa ute wa kahawia, umekauka hadi ukawa kama ugaga. Zote nne zilikuwa zimesimama jirani na bati la kupozea joto, maana yake zimeokwa taratibu miaka yote ile.

Ubavuni mwa kila kapasita kuna namba za kusoma: maikrofaradi (kiasi cha umeme inachoweza kuhifadhi), volti, na kiwango cha joto, ambacho kwenye bodi kama hii inafaa kiwe nyuzi 105. Maikrofaradi zilingane na za zamani. Volti zilingane au zizidi, zisipungue kamwe. Nilizipanga mpya na kuukuu mbili mbili juu ya meza, nikisoma kwa kukodoa macho. Saba zilikuwa sawa. Ya nane ilikuwa ya volti 16, ilhali niliyoing'oa ilikuwa ya 25. Kama ningeipachika bila kusoma, ningerudi kwenye blanketi lile lile muda si mrefu. Nilimtumia muuzaji picha, hakubisha, akatuma nyingine. Ilichukua siku tisa, na siku zote hizo bodi ilikaa uchi kwenye sinia juu ya kabati huku kila anayepita akiuliza kama ni ya kutupa.

Sasa chuma cha kulehemu. Ndugu zangu, kile ni kiberiti chenye waya. Baada ya maungio matatu ncha ilikuwa nyeusi, haishiki lehemu tena. Shida ikawa kubwa zaidi kwa sababu lehemu ya kiwandani kwenye bodi yangu ilikuwa ya aina isiyo na madini ya risasi, ambayo inataka nyuzi 217 au zaidi ndipo iyeyuke, wakati ile ya kizamani yenye risasi huyeyuka kwenye 183. Nilipoona haiyeyuki nikakandamiza kwa hasira, na kijisahani cha shaba, kile kinachoshikilia ungio kwenye bodi, kikabanduka pamoja na mguu wa kapasita. Nilikaa dakika nzima nikikitazama.

Nikaazima chuma kizuri kwa jirani, na kazi ikabadilika. Ujanja ni kuongeza tone la lehemu mpya yenye risasi juu ya ile ya zamani, zichanganyike, halafu zote zinalainika na kapasita inatoka kama jino la maziwa. Pale kijisahani kilipobanduka nililaza kipande cha mguu wa kapasita kuukuu kama daraja hadi kwenye ungio linalofuata la njia ile ile. Si kazi ya kujivunia ukiitazama kwa karibu, lakini umeme haujali sura. Kabla ya kung'oa chochote nilikuwa nimepiga picha, na picha hiyo iliniokoa. Mstari ulioko ubavuni mwa kapasita ndio upande wa hasi, nami nilikuwa nimepachika moja kinyume.

Nilipoiwasha sikukaa mbele yake, nilisimama mlangoni. Picha ikaja. Sekunde ya kwanza, ya pili. Ya tatu ikapita. Ya nne.

Ni miezi 14 sasa na haijazima yenyewe hata mara moja. Nyeupe yake ina umanjano kidogo ikiwekwa kando ya monita mpya, kwa kuwa mirija ile huzeeka, na kapasita haziwezi kuifanya kuwa vijana.

Msichukue hayo kuwa kila monita inafufuka. Ya kijana wangu ilipigwa na mpira, doa jeusi likasambaa kama wino kwenye kitambaa. Hiyo sikuifungua. Paneli, yaani kioo chenyewe, ndiyo sehemu ya gharama kubwa kwenye monita, na ukiinunua peke yake unakaribia bei ya monita nzima, tena unabaki na kazi ya kuifunga bila kuipasua. Tulinunua mpya, nikakagua mambo mawili tu: matundu ya skrubu ya nyuma yawe yameachana milimita 100 kwa 100 ili mkono wetu wa ukutani uingie, na iwe na HDMI. Bodi ya umeme ya ile ya zamani nimeihifadhi.

Kapasita nazipa nyota nne, nikikata moja kwa ile ya volti 16. Huduma ya muuzaji nne. Maelekezo moja. Chuma cha kulehemu nacho moja, ingawa siku hizi nakitumia kutoboa matundu kwenye ndoo za maua, na kwa kazi hiyo hakina mpinzani.