Kifaa cha kigugumizi, na huduma kwa wateja ya kupiga simu tu

Nyota moja. Na hiyo moja nimeitoa kwa sababu sifuri haibonyezeki.

Nianze na kifaa chenyewe, kisha nije kwa waliokiuza, maana hao ndio walionikalisha hapa niandike. Ni kiboksi cha mfukoni, kina maikrofoni ya kubana kwenye kola na waya wa sikioni. Ukiongea, sauti yako inakurudia sikioni ikiwa imechelewa kidogo sana, chini ya sehemu ya kumi ya sekunde, na ukitaka inageuzwa iwe nene au nyembamba. Basi, hakuna la zaidi. Unajisikia kama kuna mtu wa pili anayesema pamoja nawe, na kigugumizi, kwa wengi wetu, hulegea watu wakisema pamoja. Aliyepita madrasa na ulimi kama wangu analijua hilo bila kufundishwa na profesa. Darasa zima likisoma kwa sauti moja, unateleza tu. Ustadhi akikunyooshea bakora usome peke yako, hata Bismillahi inagoma kutoka.

Joseph Kalinowski na wenzake wa East Carolina University, kule Marekani, ndio waliolitumia jambo hilo kuunda SpeechEasy, kile kidude cha kuvaa sikioni kilichoingia sokoni mwaka 2001. Kile huuzwa kwa maelfu ya dola. Sijawahi kukivaa, kwa hiyo simo. Changu ni cha bei ya binadamu wa kawaida, nimekinunua kwa wakala mmoja hapa Dar es Salaam, na hata hivyo bei iliniuma.

Siku za mwanzo, jamani. Nilisoma gazeti zima kwa sauti sebuleni, mpaka matangazo ya zabuni. Mke wangu aliacha vyombo akaja kusimama mlangoni, hakusema kitu. Shemeji yangu, mtu ambaye hajawahi kukwama hata anapoomba mkopo, akataka naye ajaribu. Nikasogeza ucheleweshaji mpaka karibu milisekunde 200, nikamwambia ataje majina ya wanawe. Mwanamume akaanza kuburuta maneno, akarudiarudia silabi, akauvua waya na kusema kitu hiki kina majini. Hakina majini. Tangu mwaka 1950 Mmarekani Bernard Lee aliandika kwamba mtu asemaye vizuri, akirudishiwa sauti yake kwa kuchelewa kiasi hicho, huanza kubabaika. Sisi kinatunyoosha, wao kinawapinda. Sijacheka hivyo kwa muda mrefu.

Ningeandika siku ile, ningetoa nyota nne, labda na ya tano kwa ajili ya shemeji.

Sasa ubovu wake, ambao hakuna muuzaji atakayekwambia. Kifaa kinarudisha sauti. Kigugumizi kibaya kabisa hakina sauti. Lile "ba-ba-ba" wanaloigiza wachekeshaji ndilo afadhali yetu. Mimi zaidi nakwama kimya: midomo imefungwa, koo limebana, hakuna hata mvumo. Kiboksi kinasubiri sauti ili kiicheleweshe, na mimi sina sauti ya kukipa. Nimekaa kwenye daladala, kituo changu kinakuja, "shusha" haitoki, na kinachoingia sikioni ni mngurumo wa injini na muziki wa dereva, kwa sababu maikrofoni haichagui. Wataalamu husema uanze na mvumo, "aaa" au "mmm", ili mashine ipate pa kushika. Ni kweli inasaidia. Sasa wewe mwambie konda "aaaa" saa kumi na mbili jioni uone utakachojibiwa.

Lakini hilo ningelisamehe. Hakuna kifaa cha kuponya kigugumizi, na aliyekitengeneza hakusema kinaponya.

Kisichosameheka ni hiki. Baada ya muda maikrofoni ikaanza kupiga mluzi, halafu ikazima kabisa. Waranti ninayo. Nikawaandikia WhatsApp, nikaambatanisha picha ya risiti, kila kitu. Jibu: "Ndugu mteja, kwa masuala ya waranti tafadhali piga simu." Nikaandika tena kwamba kupiga simu ndiyo shida yenyewe iliyonifanya ninunue bidhaa yenu. "Ndugu mteja, kwa masuala ya waranti tafadhali piga simu."

Hebu fikiria. Hawauzi mabati hawa. Anayenunua kiboksi hiki anakinunua kwa sababu ana kigugumizi, na mlango pekee wa kulalamikia ni simu!

Nikapiga. Dada akapokea kwa sauti nzuri, akaniomba jina. Jina! Sisi tuna ujanja wa kukwepa maneno. "Kesho" ikikataa, unasema siku inayofuata. "Kumi" ikigoma, unaonyesha vidole. Jina lako halina mbadala, na wengi wetu ndipo tunapokwama vibaya kuliko pote.

"Haloo? Kaka, mtandao wako unakatakata."

"B..."

"Haloo? Sogea sehemu yenye mtandao halafu upige tena." Akakata.

Nikapiga tena. Safari hii nikafika kwenye "Ba".

"Bakari?"

"Ba..."

"Bahati? Baraka?" Na hapo nikamsikia akimwambia mwenzake pembeni, "Huyu naye," wakacheka. Wakacheka! Kampuni inayokula kwa vigugumizi vyetu. "Haya kaka Baraka, nimeshakuandika, lete kifaa dukani. Asante kwa kutupigia."

Siitwi Baraka. Siitwi Bakari wala Bahati. Natamani dada yule avae kiboksi chao, nikiweke kwenye 200, halafu nimuulize jina lake na la baba yake.

Dukani kijana alikipokea kifaa vizuri, nisimsingizie. Alisubiri nimalize sentensi bila kunimalizia, akaniangalia usoni, wala hakuniambia "tulia, ongea taratibu", ushauri ninaopewa na kila mtu kuanzia walimu mpaka wauza maji. Nikirudi kukichukua, nikamkuta mwingine. Kaangalia kompyuta, kaangalia kitambulisho changu cha NIDA. "Hiki ni cha Baraka." Nikamwonyesha risiti. "Sawa, risiti ni yako, ila kifaa kimeandikwa Baraka. Mwambie aje mwenyewe."

Nilitaka kusema mengi. Mnajua kilichotoka.

Huku nikisubiri, nimepakua programu ya simu ya bure inayofanya kazi ileile ya kuchelewesha sauti. Tumia earphone za waya, si za Bluetooth, kwa sababu Bluetooth ina uchelewaji wake na itakuvurugia kipimo chote. Juzijuzi nimesoma risala kwenye harusi ya mpwa wangu, waya sikioni, ukumbi umejaa, na imekwenda vizuri mno. Wazee wakaja kunipa mkono. Nikawajibu nikiwa nimeshauvua waya, na nikakwama kama kawaida, wala sikujali sana.

Kwa hiyo teknolojia inasaidia. Inasaidia kusoma kuliko kuzungumza, inasaidia ukiwa mahali palipotulia kuliko sokoni, na tafiti zimeonyesha kwamba wapo isiowasaidia kabisa, na wapo ambao nafuu hupungua kadiri sikio linavyozoea. Hapa kwetu wataalamu wa tiba ya usemi ni wa kuhesabika, kwa hiyo hata nafuu ya kusoma risala siidharau. Nyota tatu, basi. Tatu ni haki.

Hapana. Nimemkumbuka yule dada. Moja.

Ukiamua kununua hata hivyo, na sikukatazi, usikubali wakujaribishe kwa karatasi ya kusoma, maana karatasi kila mtu anaisoma vizuri na ndivyo wanavyouza. Mwambie muuzaji azungumze nawe, akuulize jina na unakokaa, kisha upige simu ukiwa umekivaa, palepale mbele yake. Piga namba yao ya huduma kwa wateja. Ukifika mwisho wa jina lako kabla hawajakata, nunua.

Na kama yupo Baraka yeyote anayesoma hapa, kifaa chako kimeshatengenezwa. Beba kitambulisho.