Zilipendwa za Jumapili: nyimbo ni zile zile

Kipindi cha zilipendwa ninachokisikiliza kila Jumapili, kwenye kituo kimoja cha FM hapa Dar es Salaam, kimefika mahali naanza kuimba wimbo unaofuata kabla mtangazaji hajautaja. Ikiisha "Shida" ya Mbaraka Mwinshehe, inakuja "Sina Makosa" ya Les Wanyika, halafu matangazo ya biashara, halafu "Neema" ya Mlimani Park. Katikati ya wiki, mchana, hizo hizo tena. Mimi ni fundi cherehani, redio ofisini inawaka tangu tunafungua mpaka tunafunga, kwa hiyo kituo hiki nakijua vizuri.

Nyimbo zenyewe sina ugomvi nazo. "Neema" ikianza, hata mguu nauondoa kwenye pedeli. Kinachoniuma ni kwamba muziki wa dansi wa nchi hii, wa miaka yote ile, umebanwa ukawa kifungu cha nyimbo za kuhesabika, na kijana anayeanza kuusikia leo ataamini hapo ndipo ulipoishia.

Chukua huyo huyo Mbaraka. Mwaka 1970 alikwenda na Morogoro Jazz mpaka Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70, na safari hiyo ikaimbwa. Alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari Mombasa, akiwa ameshaacha nyimbo chungu nzima. Kituoni hapa anajulikana kwa "Shida". Marijani Rajab naye vivyo hivyo, Jabali la Muziki zima, anapigiwa wimbo ule ule mmoja. Na Tanga ndiyo haipo kabisa. Atomic na mtindo wao wa Kiweka, Jamhuri na Toyota yao, bendi mbili zilizopimana ubavu katika mji mmoja, sijazisikia. Western Jazz walikuwa na Saboso, Tabora Jazz wana Segere Matata, Afro 70 ya Patrick Balisidya ina Afrosa. Kila bendi ilikuwa na mtindo wake, na mashabiki waliitambua kwa magitaa tu, kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Sasa ukiwapigia watu bendi chache mwaka mzima, hayo watayajulia wapi?

Niliwahi kutuma ujumbe kuomba wimbo wowote wa Jamhuri Jazz, maana marehemu mama alikulia Ngamiani, Tanga, na bendi hiyo ilikuwa yake. Mtangazaji alisoma jina langu, akanisalimia kwa heshima zote, akawasalimia na mafundi wangu, kisha akaweka "Sina Makosa". Fundi wangu mdogo akainua kichwa: "Dada, ndio huu ulioomba?" Nilikosa cha kumjibu.

Mteja wangu mmoja anayefanya kazi redioni alinieleza inavyokwenda. Nyimbo zinapangwa kwenye kompyuta, ratiba inatoka tayari, mtangazaji anaikuta hivyo. Wimbo unaojulikana unamzuia msikilizaji asihame, na msikilizaji asiyehama ndiye anayeuziwa matangazo. Sawa, biashara naielewa, na mimi nafanya biashara. Lakini ukiangalia zaidi, mambo yalianza zamani kuliko kompyuta. Miaka ya 1970 na 1980 bendi zetu zilirekodi Redio Tanzania Dar es Salaam, kwenye mikanda, kwa ajili ya kurushwa hewani. Hapa nchini hapakuwa na kiwanda cha kufyatua santuri, bendi iliyotaka kutoa sahani ilitegemea Nairobi. Redio binafsi zilipoanza miaka ya 1990, maktaba ile ya mikanda haikuwa yao, ilibaki kwa redio ya taifa. Wakashika kilichopatikana: santuri, kaseti za kurudufu, baadaye CD. Wimbo uliobahatika kupita njia hiyo ndio umekuwa "maarufu", na uliokosa bahati umenyamaza. Ila leo hicho si kisingizio tena. Nyimbo za Atomic na Jamhuri zimejaa YouTube, hata fundi wangu anazipata kwenye simu.

Kinachoniudhi kuliko hata kurudiarudia ni kukata. Wimbo wa dansi una sehemu mbili. Mwanzo unakwenda taratibu, mwimbaji anakusimulia kisa chake. Halafu linaingia chemko: magitaa yanajibizana, tarumbeta zinapanda, na hapo ndipo watu walikuwa wanaacha viti. Kwenye santuri ndogo wimbo mrefu uligawanywa pande mbili, na chemko likaangukia upande wa pili. Kituo hiki kinapiga upande wa kwanza, basi. Wimbo mzima ukipatikana, mtangazaji anaanza kusoma salamu tarumbeta zinapoingia tu, na wimbo unazimikia chini ya sauti yake. Jina la mwimbaji hatalitaja. "Hiyo ni Sikinde," anasema, yaani Mlimani Park, wakati aliyeimba "Neema" ni Cosmas Thobias Chidumule, na wapo watu wangefurahi kulisikia jina hilo.

Mazuri yapo. Mawimbi yao ni safi, na watangazaji wana lugha ya adabu, unaweza kukaa nao mbele ya wazee na watoto. Habari zao za saa nasikiliza kila siku. Kwa zilipendwa, katika nyota tano natoa mbili.

Kama unataka kuujua muziki wa dansi, usianzie kwenye kipindi hiki. Nenda ukaisikie bendi ikipiga mbele yako, au mpe kijana wa kuingiza nyimbo flashi yako na orodha ya bendi, siyo ya nyimbo. Ofisini kwetu ndivyo tunavyofanya Jumapili siku hizi, na yule fundi mdogo sasa anaitofautisha Kiweka na Toyota bila kuambiwa. Na kwa wenye kituo, ombi langu ni hili: saa moja kwa wiki, bendi moja, wimbo upigwe mpaka mwisho wake, na waliouimba watajwe majina.